Jinsi ya kukata klipu kutoka DVD za familia bila kuharibu picha

Maswali ni yale yale kila msimu wa harusi, na kila familia inapofiwa. "Nina DVD ya sendofu ya dada, nataka kile kipande mama anatoa nasaha tu, nafanyaje?" "Nimekata kwa programu ya simu, mbona sura zimekuwa na ukungu?" "Nimenakili mafaili ya VOB, sasa sauti inatangulia midomo." Nimeyajibu kwa mtu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa nayaandika yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili hata aliyeshika kompyuta juzi aweze kufuata.

Nitatumia diski moja kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho: DVD ya sendofu ya familia yetu ya mwaka 2008, yenye saa 1 na dakika 50. Ndani yake mna dakika 2 na sekunde 40 za bibi yetu akimuaga mjukuu wake. Bibi ametangulia mbele ya haki, na sauti yake hatuna mahali pengine popote. Mara ya kwanza nilikata kipande kile kwa programu ya kubadilisha video niliyoikuta kwenye kompyuta. Kwenye DVD, jina la kanga aliyojitanda bibi linasomeka vizuri: WEMA HAUOZI. Kwenye klipu niliyoitoa, herufi ziliyeyuka na mikunjo ya uso wake ikawa laini kama imepigwa pasi. Ndugu waliipokea na kushukuru, lakini mimi nilijua kilichopotea. Nikarudi kwenye diski nikaanza upya, safari hii kwa njia ninayokuandikia hapa.

Nadharia unayoihitaji ni ndogo. Picha ya DVD tayari imebanwa, kwa mfumo uitwao MPEG-2. Programu nyingi, ukiziagiza zihifadhi kipande, huifungua picha hiyo na kuibana upya kwa mfumo mwingine. Kila inapobanwa upya kuna kitu kinachotupwa, na hakirudi. Hapa nitakiita kitendo hicho kupika upya. Sisi tunataka kunakili: kuchukua data jinsi ilivyolala kwenye diski, kukata mwanzo na mwisho, basi. Popote utakapoona neno "Copy" kwenye programu, ujue ndilo tunalolitafuta.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Mwongozo huu ni wa diski zako mwenyewe: harusi, maulidi, ubatizo, mahafali, misiba, kanda za zamani zilizohamishiwa DVD. Filamu na nyimbo za madukani ni jasho la watu na zina hakimiliki, hivyo sizigusi hapa.

Vitu vya kuwa navyo

- Kompyuta, ya Windows, Mac au Linux. Haihitaji kuwa na nguvu nyingi, kwa sababu kunakili si kazi nzito kama kupika.
- Draivu ya DVD. Laptopu nyingi za siku hizi hazina, kwa hiyo tafuta ya nje inayochomekwa USB. Hata iliyotumika inafaa, mradi inasoma.
- Nafasi tupu ya GB 10 kwa kila diski utakayoshughulikia. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, na kwa muda utakuwa na nakala mbili.
- Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na maji safi.
- VLC, kwa ajili ya kutazama na kutafuta muda.
- MakeMKV, ya kuunganisha vipande vya DVD kuwa faili moja. Kwa kazi ya DVD haidai malipo.
- Avidemux, ya kukata. Nayo ni ya bure.
- Kalamu na karatasi. Nasisitiza karatasi, utaona sababu kwenye hatua ya 5.

Pakua programu hizi kwenye tovuti za waliozitengeneza. Ukiletewa kwa flashi na mtu, huwezi kujua kilichopandia humo njiani.

Hatua ya 1: Safisha diski

Ishike kwa ukingo na kwa tundu la katikati. Lowesha kitambaa kidogo, futa kuanzia katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha. Data imeandikwa kwa kuzunguka diski, hivyo mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta sehemu ndefu inayofuatana, na draivu inashindwa kuikisia. Mkwaruzo unaokatiza kutoka ndani kwenda nje huumega kila mzunguko kidogo tu, na draivu ina uwezo wa kuziba upungufu huo. Subiri diski ikauke kabisa kabla ya kuiingiza.

Kama mpiga video alibandika karatasi yenye picha ya maharusi juu ya diski, na imeanza kunyanyuka, usiivute. Bandika tu ile sehemu iliyoinuka ikae chini. Ukiivuta unaweza kuondoka na tabaka la diski lenyewe.

Hatua ya 2: Jua una diski ya aina gani

Ifungue kwenye kompyuta utazame folda zake.

Ukiona folda ya VIDEO_TS, hiyo ni DVD ya video, na mwongozo wote unakuhusu. Ndani yake utakuta mafaili ya VOB, ambayo ndiyo picha na sauti, pamoja na IFO na BUP, ambayo ni ramani.

Ukiona folda ya MPEGAV yenye faili kama AVSEQ01.DAT, hiyo ni VCD. Zilijaa sana mitaani kabla DVD hazijawa rahisi. Picha yake ni ndogo, 352 kwa 288, wakati DVD za kwetu ni 720 kwa 576. Nimeweka sehemu yake mbele kidogo.

Ukikuta mafaili ya AVI au MP4 tu, basi mpiga video alichoma data ya kawaida. Nakili mafaili hayo uende moja kwa moja hatua ya 5.

Kompyuta ikisema diski ni tupu na wewe unajua deki ilikuwa inaicheza, nenda sehemu ya matatizo mwishoni. Usikubali kamwe kompyuta inapouliza kama iifomati.

Hatua ya 3: Nakili diski nzima kwanza

Hapa ndipo wengi huruka, kisha hujuta. Usikate chochote moja kwa moja kutoka kwenye diski. Fungua folda jipya kwenye kompyuta, lipe jina linaloeleweka, mfano "Sendofu 2008", kisha nakili folda lote la VIDEO_TS humo.

Kuna sababu mbili. Diski za kuchomwa huzeeka: rangi iliyobeba data huathiriwa na jua na joto, na diski iliyokaa miaka juu ya kabati la televisheni inaweza kusomeka leo na kugoma mwezi ujao. Ukiisoma mara moja na kuimaliza, umeiokoa yote, hata zile sehemu ambazo leo huzitaki. Ya pili, kukata kunahitaji kurudi nyuma na kwenda mbele mara nyingi, na draivu inayohangaika hivyo kwenye diski yenye mikwaruzo hukwama kila mara.

Nakala ikiisha, linganisha ukubwa wa folda la kwenye kompyuta na lile la kwenye diski. Lazima ulingane. Kisha toa diski, irudishe kwenye kava lake, uiweke mbali na dirisha.

Hatua ya 4: Unganisha VOB kuwa faili moja

DVD haiweki video yote kwenye faili moja. Huigawa, na kila kipande hakizidi GB 1. Diski yetu ya sendofu ilikuwa na VTS_01_1 hadi VTS_01_5, kila kimoja kama dakika 25 isipokuwa cha mwisho. Mgawanyo huo haujali nani anaongea. Unaweza kumkata shangazi katikati ya neno, ukaangukia kipande kinachofuata.

Fungua MakeMKV, chagua kufungua faili, elekeza kwenye VIDEO_TS.IFO lililomo kwenye folda ulilonakili. Itasoma ramani na kukuonyesha orodha ya video zilizomo, na urefu wa kila moja. Kwetu kulikuwa na moja ya saa 1 na dakika 50, na nyingine fupi ya mbwembwe za ufunguzi. Tia alama unayoitaka, chagua folda la kuhifadhia, bonyeza "Make MKV". Kwenye laptopu ya kawaida ni suala la dakika chache.

Ulichopata ni faili la MKV. Picha iliyomo ni ileile ya diski, biti kwa biti. Kilichobadilika ni chombo tu, kama kuhamisha unga kutoka mfuko kwenda ndoo.

Kosa la kawaida: kubadilisha jina la VOB kuwa .mpg na kuanza kukata. Linaweza kucheza vizuri tu mwanzoni. Lakini saa ya ndani ya VOB mara nyingi huruka au kuanza upya katikati, hasa pale mpiga video alipounganisha vipande, na hapo ndipo sauti inapoachana na midomo. MakeMKV husoma ramani ya IFO na kuipanga saa hiyo sawasawa. Usiiruke.

Hatua ya 5: Tafuta muda kamili

Fungua MKV kwa VLC. Tafuta kipande chako, na ukikaribia, simamisha kisha bonyeza herufi E: kila ukibonyeza, picha inasogea fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video. Andika kwenye karatasi mwanzo na mwisho. Kwangu karatasi ilisomeka hivi:

Bibi, anashika maiki: 00:41:12
Bibi, anamkumbatia bi harusi, vigelegele vinaisha: 00:43:52

Andika vipande vyote unavyovitaka kutoka diski hiyo kwa mkupuo mmoja. Ukisema utakumbuka, utajikuta unaitazama sendofu nzima mara tatu.

Acha nafasi kidogo pande zote mbili. Vigelegele vinavyokatwa katikati vinachukiza kusikiliza, na pumzi anayoivuta mtu kabla ya neno la kwanza ni sehemu ya maneno yake.

Hatua ya 6: Kata kwa Avidemux

Hapa kuna jambo moja la kuelewa, na ndilo linalowapotosha wengi. Kwenye MPEG-2 si kila fremu ni picha kamili. Kuna fremu za aina ya I, ambazo ni picha kamili zinazojitegemea, na kuna P na B, ambazo hubeba mabadiliko tu kulinganisha na jirani zake. Ukianzia kwenye P au B, klipu inaanza bila picha ya kuegemea, na utaona vibokisi na rangi ya kijivu. Kwa hiyo mwanzo lazima uwe kwenye I. Habari njema ni kwamba kwenye DVD za kwetu, zenye fremu 25 kwa sekunde, I huja takriban kila nusu sekunde. Hutalazimika kusogea mbali.

a) Fungua MKV ndani ya Avidemux.

b) Upande wa kushoto, "Video Output" iwe "Copy". "Audio Output" iwe "Copy". "Output Format" iwe "MKV Muxer". Vitazame tena vyote vitatu. Ukichagua kitu kingine kwenye hilo la kwanza, unapika upya, na kazi yote haina maana.

c) Andika muda wa mwanzo kutoka kwenye karatasi yako, programu iruke hadi pale. Kisha bonyeza mshale wa chini kwenye kibodi: unakurudisha kwenye fremu ya I iliyotangulia. Chini ya dirisha utaona aina ya fremu uliyosimamia. Ikisomeka I, uko sawa. Kwangu ilinirudisha hadi 00:41:11 na ushei, bibi akiwa ndio ananyoosha mkono kupokea maiki.

d) Bonyeza kitufe cha A kilicho chini ya dirisha (si herufi ya kibodi). Huo ndio mwanzo.

e) Nenda kwenye muda wa mwisho. Safari hii bonyeza mshale wa juu, unaokupeleka kwenye I inayofuata. Bonyeza kitufe cha B.

f) Hifadhi kupitia "File" kisha "Save". Andika jina pamoja na .mkv mwishoni. Mimi huandika tukio, mwaka na mtu: sendofu-2008-bibi.mkv.

Kazi hii huchukua sekunde chache tu. Tumia hilo kama kipimo: kama programu inakuambia usubiri dakika tano kwa klipu ya dakika mbili, simamisha, kwa sababu inapika.

Wanaopenda kuandika amri wanaweza kufanya haya yote kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi badala ya vitufe, kwa mstari mmoja:

ffmpeg -ss 00:41:11 -i sendofu.mkv -t 00:02:43 -map 0 -c copy bibi.mkv

"-ss" ni mwanzo, "-t" ni urefu, na "-c copy" ndiyo inayozuia kupika. Weka "-ss" kabla ya "-i", nayo itarudi yenyewe kwenye fremu ya I iliyo karibu nyuma. Ukisahau "-c copy", ffmpeg itapika bila kukuuliza.

Hatua ya 7: Hakikisha

Usifute chochote kabla ya hatua hii.

Fungua klipu kwa VLC, kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Kwenye taarifa za kodeki (mfumo uliotumika kubana), klipu ya DVD ya video iwe MPEG-1/2, ukubwa 720 kwa 576, fremu 25. Ukikuta H264 hapo, ambao ni mfumo mwingine wa kubana, imepikwa.

Kisha piga hesabu ya ukubwa. DVD iliyojaa GB 4.7 kwa saa 1 na dakika 50 ni kama MB 43 kwa dakika. Klipu ya bibi ilitoka na MB 110 na ushei, ambayo ndiyo inayotarajiwa. Ile ya kwanza niliyoiharibu ilikuwa MB 14.

Mwisho, tumia macho. Fungua diski na klipu, simamisha zote mbili kwenye fremu moja, utazame kitu chenye ncha kali: maandishi ya kanga, nakshi ya kofia, nywele, hina mikononi. Sura za watu hudanganya kwa sababu akili yako inawajua na inajazia kilichopungua. Maandishi hayadanganyi.

Hatua ya 8: Kutuma kwa ndugu

Klipu sasa ni nzuri, lakini shangazi aliyeko Muscat na kaka aliyeko Minnesota wanataka kuiona kwenye simu. Una njia mbili.

Ya kwanza: itume kwa WhatsApp kama hati, si kama video. Ukituma kama video, WhatsApp huipika yenyewe, tena kwa pupa. Hati hupita jinsi ilivyo, hadi GB 2. Ila mwambie mpokeaji aweke VLC kwenye simu yake, kwa kuwa simu nyingi haziwezi kucheza MPEG-2 zenyewe.

Ya pili: tengeneza nakala ya pili ya kutumia simuni, hii ukiipika mara moja, kwa uangalifu:

ffmpeg -i bibi.mkv -vf "bwdif,scale=768:576,setsar=1" -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -c:a aac -b:a 192k bibi-simu.mp4

Hiyo ni kwa picha ya zamani ya 4:3. Kama video yako ni pana, ya 16:9, badala ya 768 andika 1024. Neno "bwdif" linaondoa vile vimistari vya DVD, nitavieleza chini. Namba ya "-crf" ikishuka, ubora na ukubwa vinapanda; 18 inatosha kabisa. Nayo hii itume kama hati.

Ile MKV ibaki. Ndiyo mama. Siku ukitaka kutengeneza video ya arobaini au ya kumbukumbu ya miaka kumi, utaanza na hiyo, si na ya simu.

Na usijaribu kuikuza hadi 1920 kwa 1080 ukidhani itakuwa safi zaidi. DVD haina picha hiyo ndani yake. Utapata faili kubwa lenye ukungu uleule.

Kama ni VCD

Nakili faili la DAT kwenye kompyuta, kisha:

ffmpeg -fflags +genpts -i AVSEQ01.DAT -c copy vcd.mkv

Baada ya hapo endelea na hatua ya 5. Tegemea kama MB 10 kwa dakika. Picha itakuwa na vibokisi tangu mwanzo, hasa watu wanapocheza ngoma na kamera ikitikisika. Usihangaike kutafuta kosa lako, ndivyo ilivyorekodiwa.

Matatizo yanayojirudia

*Kompyuta inasema diski ni tupu, ila deki ilikuwa inaicheza.* Diski hiyo ilirekodiwa kwenye deki ya kurekodi DVD na haikufungwa. Itafute deki ileile, au nyingine ya mtengenezaji huyohuyo, nenda kwenye mipangilio ya diski uchague "Finalize". Baada ya hapo kompyuta itaisoma. Uliza kwa wajomba. Deki hizo mara nyingi zipo chini ya kitanda cha mtu.

*Klipu fupi haionekani kwenye MakeMKV.* Programu huruka video zenye urefu usiofika sekunde 120. Nenda kwenye mipangilio, upande wa video, shusha kiwango hicho, kisha fungua diski upya.

*Sauti inatangulia au inachelewa.* Karibu kila mara mtu alikata VOB moja kwa moja. Rudi hatua ya 4. Kama ulifuata hatua zote na bado kuna tofauti, huenda iko hivyo kwenye diski yenyewe: itazame ile nakala ya VIDEO_TS kwa VLC. Ikiwa ndivyo, Avidemux ina sehemu ya "Shift" upande wa sauti, unaandika milisekunde na kusogeza bila kupika.

*Fremu mbili tatu za mwanzo zina vibokisi ingawa nilianzia kwenye I.* Fremu za B zilizo jirani na hiyo I zinaegemea picha iliyotangulia, ambayo umeikata. Rudi I moja nyuma zaidi. Vibokisi vitabaki kwenye ile nusu sekunde ya ziada, kabla ya jambo lenyewe kuanza.

*Mtu akitembea, pembeni mwake kuna mistari kama meno ya kitana.* Hilo si kosa la kukata. DVD za wapiga video wetu wengi huhifadhi picha kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, mara 50 kwa sekunde. Televisheni ya zamani ilizionyesha nusu hizo kwa zamu. Kompyuta inazionyesha kwa pamoja. Kwenye VLC washa "Deinterlace" ukiwa unatazama. Usiondoe mistari hiyo kwenye klipu mama, iondoe kwenye nakala ya simu tu.

*Watu wamekuwa wembamba au wamebonyea.* Alama ya upana wa picha imepotea wakati wa kukata. Irudishe bila kupika:

ffmpeg -i klipu.mkv -map 0 -c copy -aspect 16:9 klipu-sawa.mkv

Kwa picha ya zamani andika 4:3.

*Simu inaonyesha picha bila sauti.* Sauti ya DVD mara nyingi imebanwa kwa mfumo wa AC-3, na simu nyingi haziufahamu. VLC ya simu inaufahamu.

*Kunakili kunakwama kwenye asilimia 80 au 90.* Hili ndilo linaloumiza zaidi, nami nalipa nafasi yake. DVD husomwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa shughuli umelala kwenye ukingo, palepale vidole vinaposhika. Ndiyo maana diski nyingi hucheza vizuri hadi keki, zikagoma kwenye kuaga.

Isafishe tena. Jaribu draivu nyingine, kwa maana draivu hutofautiana sana. Diski iliyokataliwa na laptopu yako inaweza kusomeka vizuri kwenye kompyuta kubwa ya zamani ya ofisini. Ikishindikana, tumia ddrescue kwenye Linux, programu ya amri ya kuokoa data; /dev/sr0 hapo chini ni jina la draivu ya DVD. Yenyewe haikati tamaa kwenye doa la kwanza: huchukua kwanza kila kinachosomeka kirahisi, kisha hurudi kwenye sehemu ngumu.

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 sendofu.iso sendofu.map
ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 sendofu.iso sendofu.map

Amri ya pili inaweza kuchukua saa nyingi, iache usiku. Lile faili la .map ndilo kumbukumbu ya mahali ilipofika, usilifute. Kwa sababu yake unaweza kuhamishia diski kwenye draivu ya pili, ukaendesha amri ileile ya pili, na itajaribu zile sehemu zilizobaki tu. Nimewahi kuijaza diski moja ya maulidi kwa draivu tatu tofauti, kila moja ikiokoa kipande ambacho nyenzake zilishindwa. Faili la .iso, yaani nakala ya diski nzima, likikamilika, lifungue kwa MakeMKV kama kawaida na uendelee na hatua ya 4.

Usipeleke diski ya namna hiyo kusuguliwa kwa dawa ya meno, hata kama umesikia inasaidia. Dawa ya meno ni mchanga laini, unaongeza mikwaruzo mingine. Na kama upande wa kusomea umeshabadilika rangi, au unaona mabaka kama mawingu ukiushika mbele ya taa, iweke diski hiyo ya kwanza kwenye foleni, kabla ya zile zinazoonekana nzima.